Chemchemi Mbili za Nyantende: Tulivyofuata Maji Ndani ya Jiwe

Juma hili tunawapeleka Nyantende. Wengi wenu mnaijua kwa sababu ya hospitali, au kwa sababu mlipita pale mkienda kuzika, kuoa au kununua maharagi. Sisi tulikwenda kwa ajili ya maji. Tulikwenda mara tatu: mwezi wa nne mvua ikinyesha, mwisho wa mwezi wa sita mvua ilipokuwa imekatika, na mwezi wa nane vumbi likiwa limejaa njiani. Tulibeba bidoni moja ya lita 20, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, daftari na kalamu. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwa nini vitu hivyo vinne vimetupatia faida kuliko pesa zote tulizotoa mwaka uliopita.

Safari ya kwanza tulitoka Bukavu saa kumi na mbili asubuhi, tukapitia Panzi. Mjini ukungu wa ziwa ulikuwa bado chini. Kadiri tulivyoenda kusini, nyumba zilipungua na migomba ikaongezeka. Huko udongo ni mwekundu na mzito. Mvua ikinyesha unashika kiatu, na jua likiwaka unakuwa mgumu kama tofali. Mashamba yamepanda hadi juu ya vilima: mihogo, maharagi, viazi vitamu, na kwenye mipaka mikaratusi mirefu. Tulikutana na wamama waliokuwa wanapanda kilima, bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, wakitembea wameinama bila kusimama. Walituambia "Asinge" bila kuinua kichwa, kwa sababu mwenye lita 20 mgongoni hawezi kuinua kichwa. Sisi nasi tuliitika kwa aibu kidogo, maana mikono yetu ilikuwa mitupu.

Kwanza tuwaambie kilichotusukuma. Kikundi cha wamama wa huko, ambacho ni dada wa chama chetu, kiliweka pesa za likilimba kwa muda mrefu. Kila juma kila mmoja alitoa kidogo, wengine kwa kuuza ndizi, wengine kwa kuuza sambaza walizozileta kutoka ziwani. Pesa ilipofika kiasi cha kutosha, walimwita fundi wa kuchimba. Alitazama huku na huku, akachagua mahali penye njia nzuri ambapo vyombo vyake vingefika bila taabu. Alichimba. Alipita udongo mwekundu, akafika kwenye jiwe jeusi, akaendelea kupasua jiwe kwa siku nyingi. Halikutoka hata tone. Pesa ikaisha, fundi akaenda, na shimo limebaki, limefunikwa kwa mbao ili watoto wasianguke. Mweka hazina wa kikundi alituonyesha shimo hilo kabla hata ya kutukaribisha uji. Alisema, "Hapa ndipo ada ya shule ya watoto wetu imelala."

Tulirudi nyumbani na swali moja. Kama chini ya jiwe hilo hakuna maji, mbona mita chache chini ya kilima maji yanatoka kwenye jiwe lilelile?

Ndipo tulipomtafuta kijana mmoja anayesoma jiolojia katika Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, mtoto wa mama mwenzetu. Alikubali kutembea nasi bila malipo, mradi tumpe bugali na sombe jioni. Aliyotufundisha tunayaandika hapa kwa maneno yetu wenyewe.

Vilima vya Bukavu na vya pande zake vimefunikwa kwa sehemu kubwa na jiwe la volkano. Zamani sana, miaka mamilioni iliyopita, moto wa chini ulitoka na kumwagika kama uji wa moto, ukapoa, kisha ukamwagika tena juu ya ule wa kwanza. Jiwe hilo linaitwa basalti. Udongo mwekundu tunaoulima ni jiwe hilohilo lililooza kwa mvua na jua. Chini ya volkano kuna miamba ya kale zaidi. Kipande cha basalti kikiwa kizima hakipitishi maji. Ni kama sahani ya chuma. Lakini jiwe hilo lilipopoa lilijikunja na kupasuka, kama vile bugali iliyokaa usiku kucha kwenye sufuria inavyopasuka juu. Kati ya mmwagiko mmoja na mwingine kulibaki pia tabaka la mawe yaliyovunjika na udongo wa zamani. Maji ya mvua yanaingia humo, kwenye nyufa na kwenye matabaka hayo. Mwenye kuchimba akikutana na ufa, anapata maji. Akichimba hatua ishirini pembeni ya ufa, anaweza kushuka mita nyingi na asipate kitu.

Hapo mweka hazina aliguna. Alikuwa ameelewa habari ya shimo lake.

Kijana aliongeza jambo jingine ambalo sisi watu wa Kivu tunalijua mwilini kuliko kwenye vitabu. Nchi yetu imekaa juu ya ufa mkubwa. Bara la Afrika linavutwa kidogokidogo, mashariki kwenda upande wake na magharibi upande wake, milimita chache tu kwa mwaka. Lakini kwa miaka mamilioni, milimita hizo zimefanya bonde refu ambamo yamekaa ziwa Kivu, mto Ruzizi na ziwa Tanganyika. Siku ya Jumapili tarehe 3 mwezi wa pili mwaka 2008, wakati watu wengi walikuwa kanisani, ardhi ilitikisika Bukavu na ng'ambo ya Rwanda, kuta zikaanguka na watu wakafa. Wengi wetu tunakumbuka tulikuwa wapi saa ile. Tetemeko ni mwamba unaoteleza kwenye ufa. Basi mahali penye mitetemeko ni mahali penye nyufa nyingi, na nyufa hizo ndizo njia za maji. Huko Katana, kaskazini ya Bukavu, kuna chemchemi ya Kankule ambako maji yanatoka ya moto. Yamekwenda chini sana kwa kufuata nyufa, yakapata moto wa ardhi, yakarudi juu. Tetemeko linaweza pia kufungua ufa uliokuwa umezibika, au kuziba uliokuwa wazi. Ndiyo maana mahali pengine duniani watu wameona chemchemi ikiongezeka au ikikauka baada ya ardhi kutikisika.

Nyantende haiko peke yake katika jambo hili. Kenya, mvua inayonyesha juu ya milima ya Chyulu, ambayo ni ya volkano, inazama karibu yote ndani ya lava, na huko juu huoni mto. Maji yanasafiri chini ya ardhi na kutoka mbali katika chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo, na kutoka hapo yanapelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Watu wa pwani wanakunywa mvua iliyoanguka juu ya kilima ambacho wengi wao hawajakiona. Basi mwenye kutafuta maji katika jiwe anauliza maswali mawili: yanaingilia wapi, na yanapitia ufa gani?

Baada ya somo hilo tulianza kazi.

Nyantende, katika kijiji tulichotembelea, wamama wanachota kwenye chemchemi mbili. Sisi tuliziita ya juu na ya chini. Ya juu iko karibu na barabara, chini kidogo ya nyumba. Mtu wa zamani aliweka pale kipande cha bomba, na maji yanatoka kwa nguvu hata unasikia sauti kabla ya kufika. Ya chini iko bondeni, mwendo wa robo saa kushuka na karibu nusu saa kupanda ukiwa na mzigo. Inatoka chini ya jiwe jeusi, kati ya matete, bila sauti. Ukiwa mgeni unaweza kupita bila kuiona.

Mwezi wa nne tulipima zote mbili. Kupima si kazi ya wasomi. Unaweka bidoni tupu chini ya bomba, mmoja anasema "anza", mwingine anabonyeza simu, na bidoni ikijaa mnaandika sekunde. Mnarudia mara tatu, mnachukua namba ya katikati. Ya juu ilijaza bidoni kwa sekunde 28. Ya chini, ambako tulipaswa kwanza kuweka jani la mgomba ili kukusanya maji yasitawanyike, ilijaza kwa sekunde 50. Watu waliotuzunguka walicheka. "Mmekuja toka mjini kutuambia kwamba ya juu ina maji mengi? Hata mtoto anajua."

Kijana hakucheka. Alituonyesha mambo matatu, tukayaandika.

La kwanza, rangi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha sana, na asubuhi maji ya juu yalikuwa na wekundu kidogo. Ya chini yalikuwa meupe kabisa. Maji yanayobadilika rangi siku moja baada ya mvua hayakutoka mbali. Yameingia karibu, pengine kwenye shamba la juu, na kushuka kwa haraka.

La pili, joto. Alikuwa na kipimajoto kidogo. Maji ya karibu na uso wa ardhi yanafuata msimu, yanapoa kukiwa na baridi na kupata joto kukiwa na jua. Maji ya ndani hayajui msimu. Katika safari zetu tatu kipimajoto kilionyesha namba ileile kwa chemchemi ya chini, na kwa ya juu kilionyesha namba tatu tofauti.

La tatu, madini. Alikuwa na kifaa kingine chembamba kama kalamu, cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji ya mvua hayana chumvi, yanapitisha kidogo. Maji yaliyokaa muda mrefu ndani ya jiwe yamelamba madini ya jiwe, yanapitisha zaidi. Ya chini yalionyesha namba kubwa kuliko ya juu. "Haya yamekaa ndani," alisema. "Yale ya juu ni wageni wa jana."

Kisha alituomba tupande naye ng'ambo ya bonde, ili tutazame kilima chote kwa mbali. Hapo ndipo tulipoona kitu ambacho wenyeji wanakikanyaga kila siku. Kutoka kwenye jiwe la chemchemi ya chini, mstari wa majani mabichi ulipanda kilima kwa kukata mashamba. Hapa matete machache, pale mti mkubwa wa mtini, kule kidimbwi ambako mbuzi hunywa, kisha tena matete. Mstari ulinyooka kama mtu aliyeupima kwa kamba. Mto haunyooki hivyo, na njia ya watu haipandi hivyo. "Huo ni ufa," alisema. "Miti inaujua kabla yetu."

Bibi mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akituangalia akiwa na jembe begani, alikuja kusikiliza. Alisema kwamba alipoolewa katika kijiji hicho, mama mkwe wake alimwonyesha mahali pa nne kwenye mstari huo, ambapo walikuwa wakichota wakati wa kiangazi kikali, kabla pajazwe udongo kwa kilimo. Alitupeleka. Tuliondoa majani na udongo kwa jembe lake, na chini yake palikuwa na unyevu. Tuliandika katika daftari: bibi ameonyesha mahali pa nne. Wamama wapenzi, ukitaka kujua maji ya mahali, anza na wazee wa kike. Ndio waliotembea nayo.

Na lile shimo kavu? Tulihesabu hatua. Lilikuwa pembeni ya mstari wa majani mabichi, hatua kama thelathini hivi. Hakuna aliyesema neno. Kijana alituonya tusikimbilie kusema kwamba fundi angesogea kidogo angepata maji. Majani mabichi yanatoa dalili tu. Kabla ya kuchimba tena, wataalamu wanakuja na vyuma wanavyochomeka ardhini kwa mstari, wanapitisha umeme kidogo kati yake na kupima jinsi ardhi inavyouzuia. Jiwe zima lililo kavu linazuia umeme sana, ufa wenye maji unaupitisha kwa urahisi zaidi. Udongo wa mfinyanzi nao unapitisha, kwa hiyo kipimo hicho kinahitaji mtu anayejua kukisoma. Lakini mwenye kufanya kipimo hicho anahitaji kujua aanzie wapi, na sasa tulikuwa na mahali pa kuanzia.

Mwisho wa mwezi wa sita tulirudi. Ya juu: sekunde 75. Ya chini: sekunde 54. Sasa hakuna aliyecheka.

Mwezi wa nane ndio uliotufundisha zaidi. Tulifika alfajiri, na kwenye chemchemi ya juu bidoni zilikuwa zimepangwa mstari, za njano na nyeupe, nyingine zimezibwa kwa muhindi badala ya kifuniko. Tulihesabu 46. Wenye bidoni walikuwa wamekaa kando, wamejifunika vikwembe kwa baridi, na kati yao wasichana watano waliovaa tayari shati nyeupe, maana walikuwa na masomo ya likizo ya kujitayarisha mtihani. Tulipima: sekunde 190. Piga hesabu nasi. Mwezi wa nne chemchemi hiyo ilijaza bidoni 128 kwa saa moja. Mwezi wa nane ilijaza 19 hivi. Bidoni 46 zilihitaji karibu saa mbili na nusu, na msichana wa mwisho katika mstari hangefika darasani kabla ya mapumziko.

Tulishuka bondeni. Ya chini: sekunde 60, yaani bidoni 60 kwa saa moja. Toka mwezi wa nne ilikuwa imepoteza sehemu moja tu kwa sita. Bidoni zile 46 zingejaa kwa muda wa dakika 46. Na pale chini palikuwa na wamama watatu tu.

Tuliuliza kwa nini. Mmoja wao alicheka na kutuonyesha kilima. "Panda na bidoni, ndipo utuulize."

Siku hiyo, chini ya mtini, kikundi kilifanya mkutano. Kilikuwa kimeanza kukusanya tena pesa kidogo, na kulikuwa na swali la kuamua: watengeneze chemchemi ipi? Kutengeneza ni kuchimba hadi jicho la maji, kulizungushia mawe na saruji, kuweka bomba, sakafu ya kuwekea bidoni, mfereji wa kutoa maji machafu na uzio wa kuzuia wanyama. Pesa ilitosha kwa moja tu.

Wengi walitaka ya juu, na tusiwadanganye, sababu zao zilikuwa nzuri. Iko karibu. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alisimama akasema: "Daftari lenu linajua sekunde. Halijui mgongo wangu. Ya chini itanipa maji, halafu kilima kitanichukua mtoto." Mkutano ulinyamaza. Alikuwa amesema kweli. Hesabu yetu ilikuwa imesahau njia ya kupanda. Watu wa afya duniani wanasema maji ni ya karibu kama kwenda, kungoja na kurudi havizidi dakika 30. Hapo hakuna hata chemchemi moja iliyotimiza hilo mwezi wa nane, moja kwa sababu ya kungoja, nyingine kwa sababu ya kupanda.

Mweka hazina, yule wa shimo kavu, ndiye aliyejibu. Alisema kwamba mara ya kwanza walichagua mahali kwa sababu ya njia nzuri, na sasa wanataka kuchagua tena kwa sababu hiyohiyo. "Saruji haiongezi maji," alisema. "Tukijenga juu, mwezi wa nane tutakuwa na bomba zuri na mstari uleule."

Walibishana hadi jua likawa kichwani. Mwisho walikubaliana hivi. Pesa itatengeneza ya chini, kwa sababu ndiyo inayotoka kwenye ufa wa ndani na haiwaachi wakati wa kiangazi. Lakini kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji, kazi ya mikono ya kila Jumamosi itakuwa kukata njia mpya inayopanda kwa kuzunguka, yenye ngazi za mawe na mahali pawili pa kupumzisha mzigo. Waume na vijana wameandikishwa kwa kazi hiyo. Mama mwenye mimba au aliyezaa karibuni hatashuka: kila juma wanachama wawili watamchotea kwa zamu, na jambo hilo limeandikwa katika daftari pamoja na sekunde. Ya juu itatumika wakati wa mvua kwa kufua na kuoga. Na kama siku moja wataalamu watapima ule mstari wa majani mabichi kwa umeme, huenda ufa ukafikiwa juu zaidi, karibu na nyumba. Hilo ni tumaini la kesho, na pesa ya leo haitawekwa juu yake.

Kuna jambo moja ambalo tunaomba kila mama alishike, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunaliamini vibaya. Tulifikiri maji yanayotoka ndani ya jiwe ni safi kwa sababu yanang'aa. Si lazima. Maji yanayopita polepole kwenye mchanga yanachujwa. Maji yanayopita kwenye ufa yanakimbia kama kwenye bomba, na ufa hauchuji. Kama choo kimechimbwa juu ya ufa huohuo, uchafu unaweza kushuka mbali na kutoka kwenye chemchemi ukiwa haujafa. Wengi tumefundishwa kwamba choo kiwe mita 30 kutoka kwenye maji. Kwenye jiwe lenye nyufa umbali huo hauwezi kukutuliza. Tuliangalia juu ya chemchemi ya chini na kuona choo kimoja karibu na mstari wa majani mabichi. Mwenye lupango alikasirika kwanza, akidhani tunamsema kwa uchafu. Bibi mwenye mvi alizungumza naye pembeni, kwa Kimashi, kwa muda mrefu. Amekubali choo kihamishwe upande mwingine wa kilima, na kikundi kitamsaidia kuchimba kipya. Amekubali pia kung'oa mikaratusi sita iliyopandwa karibu na jicho la maji, kwa sababu mti huo unakunywa sana. Mahali pake patapandwa majani ya kushika udongo.

Hata baada ya hayo yote, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klori. Sisi wa kando ya ziwa Kivu tunaijua kipindupindu kwa jina na kwa sura. Ugonjwa huo hauogopi maji meupe.

Sasa, kama kikundi chenu kina chemchemi, iwe Kabare, Walungu, Idjwi au kwenye vilima vya mjini, mnaweza kuanza juma hili bila kungoja mtu wa mradi:

Tembeeni kilima chote pamoja na wazee, mwandike kila mahali penye maji, unyevu au majani mabichi wakati wa kiangazi. Mkiona mahali patatu au zaidi pamejipanga mstari, au pako kwenye kimo kimoja cha kilima, andikeni hilo kwa herufi kubwa.

Pimeni kila chemchemi kwa bidoni ileile, saa ileile ya siku, angalau mara moja kwa mwezi. Gawanyeni 3600 kwa sekunde mlizopata, na jibu ni bidoni ngapi mnapata kwa saa moja.

Andikeni rangi ya maji asubuhi baada ya mvua kubwa, na mara ardhi ikitikisika, pimeni tena siku hiyohiyo.

Msiamue kwa namba za mwezi wa nne. Ngojeni za mwezi wa nane.

Na fundi wa kuchimba akija, kabla ya kumpa pesa muulizeni: "Umejuaje kwamba ufa uko hapa?" Akiwaonyesha barabara tu, mpeni maji ya kunywa aende zake.

Tulipoondoka safari ya tatu, mweka hazina alitusindikiza hadi barabarani. Tulipita karibu na shimo kavu. Tulimwuliza kama watalifukia. Alisema hapana, si sasa. Kila mwanachama mpya wa kikundi anapelekwa kwanza kuliona, kisha anapelekwa kuona chemchemi ya chini, kisha anapewa daftari na kufundishwa kuhesabu sekunde. Mwezi wa kumi msichana wake wa darasa la sita ndiye atakayepima. Tumemwomba atutumie namba, nasi tutaziandika hapa.